Kabari Mbili za Mpima

Siku gari lile lilipoingia kwa mara ya kwanza katika uchochoro wa nyumba ya Mama Pazia, lililia. Halikupiga honi, wala injini yake haikunguruma vibaya. Lililia kwa sauti nyembamba, ya puani, kama ya mtoto aliyechoka kulia na bado hajabembelezwa. Sauti hiyo ilitoka nyuma, tena pale tu mwendo ulipopungua, na gari liliposimama ikakatika ghafla. Mama Pazia aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Palikuwa na mto wa kukalia na kivuli cha dirisha, basi.

"Shemeji," alisema mdogo wa mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akilisubiri gari kwa hamu kuliko mwenye gari, "umenunua gari au umechukua yatima?"

Mama Pazia alicheka, kwa kuwa alimjua shemeji yake: usipomchekea mzaha wa kwanza, atakuletea wa pili na wa tatu mpaka ukubali. Lakini aliposhuka alizunguka gari polepole, akainama, akatazama chini, akanyanyuka na vumbi magotini bila kuona chochote cha kueleza sauti ile.

Jina la Mama Pazia hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima alishona mapazia. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kushika sindano, naye akaichukua kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayejua kuwa mshono ulioharakishwa hufumuka mbele ya wageni. Aliingia vyumbani mwa watu wa kila aina, akapima madirisha yao, akajifunza mengi asiyouliza. Alimjua anayetaka pazia zito kwa sababu ya jua, na alimjua anayelitaka zito kwa sababu ya jirani. Hakuwahi kumwambia yeyote.

Mumewe alikuwa mkataji wake. Wateja walimwita Mkasi. Alikuwa akilaza kitambaa mezani, akakitazama kidogo kama mtu anayesoma, kisha akakikata kutoka upande hadi upande bila chaki wala rula, na ukipima hukuti tofauti. Wawili hao walifanya kazi katika karakana moja nyuma ya nyumba, yeye kwenye cherehani, mumewe mezani, na waliweza kukaa asubuhi nzima bila kusemezana na bila kukosana.

Kisha kiharusi kilimwangusha Mkasi hapo hapo mezani. Alianguka na mkasi mkononi, na mkono wa kulia ukaufumbata kwa nguvu asizowahi kuwa nazo. Mama Pazia alipiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa, akavifungua vidole vya mumewe kimoja kimoja mpaka mkasi ukatoka.

Mkasi alipona kiasi cha kuketi na kuburuta mguu. Maneno yote yalimtoka, likabaki moja: "Huyo." Akitaka maji, huyo. Akiumwa, huyo. Dirisha likipigwa na upepo, huyo. Mkewe alijifunza kulisikiliza neno hilo kama watu wanavyosikiliza hatua za mtu wa nyumbani, wakajua amekuja na furaha au na hasira. Mara nyingi alipatia.

Mkono ndio uliokuwa na shauri zito. Kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa upande wa pili wa kilima, na mwanamke aliyeiendesha, ambaye wagonjwa wote walimwita Dada wa Mazoezi, aliusema ukweli bila kuuzungusha.

"Mama, mkono wa mzee hauna shida ya kushika. Shida yake ni kuachia. Tusipoufungua kila mara, misuli itafupika na vidole vitabaki hivyo maisha. Bado tuna nafasi, ila si kubwa. Mlete kila baada ya siku moja, na tafadhali msikose."

Hilo ndilo lililomfanya Mama Pazia anunue gari. Ngazi za mabasi zilikuwa ndefu, na makondakta hawana subira na mguu unaoburutwa. Mashine kubwa ya kukatia, ambayo sasa haikuwa na mtu wa kuitumia, ikauzwa; na kwa fedha zake likapatikana gari, dogo, la kizamani, la gia za kubadilisha kwa mkono, ambalo mwenyewe alikuwa mzee mmoja mpima ardhi aliyestaafu.

Mpima alilitunza vizuri. Viti havikuwa na doa. Alipomkabidhi mnunuzi ufunguo, vidole vyake vilichelewa kidogo kuuachia.

"Usiliache kwenye mteremko, mama," alisema.

"Kwani breki zake mbovu, mzee?"

"Breki zake ni nzuri kupita kiasi." Alitazama kando. "Ndani ya buti mna kabari mbili za mbao. Usizitoe."

Mama Pazia aliitikia kwa adabu, kama anavyoitikia mtu anayepewa maelekezo ya dawa anayoijua. Baadaye alifungua buti akaziona: vipande viwili vya mti mgumu, vilivyochongwa kwa umbo la mlima mdogo, vimepigwa msasa vikateleza, vimefungwa ndani ya taulo safi. Vilikuwa vya kuzuia magurudumu. Vilikuwa pia vizuri kupita kazi yake, na hilo lilimkaa moyoni bila yeye kujua kwa nini.

Haukupita muda ikadhihirika kuwa gari lile lina kiu. Mshale wa mafuta ulishuka mbele ya macho yake kama jua la jioni. Alijaza, akaenda kliniki na kurudi mara chache, na mshale ukawa umelala tena.

"Hili ni ngamia kinyume," alisema shemeji. "Ngamia hunywa mara moja akavuka jangwa. Hili huvuka barabara moja likadai kisima."

"Badala ya kucheka, niambie nifanye nini."

"Shemeji yangu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lazima kuna kitu alichofungiwa kule alikotoka. Itafute kamba."

Maneno hayo yalisemwa kwa mzaha, lakini Mama Pazia hakuyacheka. Juma lile alilazimika kumwacha Mkasi nyumbani siku ya mazoezi, kwa sababu alichokuwa nacho hakikutosha kuwavusha kilima. Walipokwenda safari iliyofuata, Dada wa Mazoezi aliuinua ule mkono wa kulia, akavikunjua vidole kwa taabu, akaona alama za kucha zilizozama kiganjani. Hakulaumu. Alizipapasa tu alama zile kwa dole gumba, kisha akamtazama Mama Pazia. Ilitosha.

Basi Mama Pazia akaanza kuitafuta kamba, kwa utaratibu ule ule aliotumia kutafuta kosa katika cherehani: anza na kilicho wazi, maliza na kilichofichika, na usiguse vitu viwili kwa pamoja, maana ikipona hutajua kilichoiponya. Alianza na matairi. Upepo wake ulikuwa umepungua, akajaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ukingo wa mlango. Akafuata kichujio cha hewa. Alipokitoa kilikuwa kimejaa vumbi lililogandamana kama manyoya ya uzi chini ya sindano, akaweka kipya. Fundi wa gereji ya jirani akambadilishia plagi na mafuta ya injini. Chuma cha kubebea mizigo juu ya paa, ambacho kilikamata upepo bure, akakifungua. Na kwa kuwa alisikia kuwa kila uzito usio na kazi hunywa mafuta, alitoa butini vyote vilivyokuwamo: jeki ya ziada, kopo la rangi lililokauka, na zile kabari mbili.

Kabari hakuzitupa. Mlango wa karakana ulikuwa na tabia ya kujifunga kwa upepo, akaziweka hapo kuuzuia, moja huku na moja huku, na akaridhika kuwa zimepata kazi.

Uendeshaji wake nao aliubadilisha. Aliacha kushindana na taa za barabarani. Alikanyaga mafuta kama anavyokanyaga cherehani anaposhona kitambaa chepesi cha shashi, kwa ncha ya mguu, bila kukurupusha. Yote haya yalisaidia. Kiu ilipungua kidogo. Lakini ilikuwa kama kumpunguzia mgonjwa homa bila kujua ugonjwa, na kilio hakikupungua hata chembe.

Tena sasa kilio kilikuwa kimepata shahidi. Kila waliposhuka upande wa pili wa kilima na mwendo kupungua, sauti ile nyembamba ilipoanza, Mkasi, aliyeketi kushoto kwake, aligeuza kichwa kwa shida akatazama nyuma. Hakutazama kiti. Alitazama zaidi ya kiti, nje ya kioo cha nyuma, palipo usawa wa mtu aliyesimama.

"Huyo," alisema.

"Ni gari tu, baba. Linalia."

"Huyo."

Mama Pazia, aliyezoea kujua neno hilo limebeba nini, safari hii hakujua. Halikuwa maji, wala maumivu, wala upepo. Alijikuta akikwepa kutazama kioo cha juu cha kuonea nyuma. Mchana mweupe, barabara imejaa watu, naye anaogopa kioo kisichozidi kiganja! Alijisuta, lakini hakukitazama.

Jirani yake, mwanamke mwema asiyeweza kunyamaza, alimwambia akiwa upande wa pili wa ua, "Mwenzangu, hilo gari lina mtu."

"Lina watu wawili. Mimi na mume wangu."

"Haya. Mimi nimesema."

Kamba yenyewe aliipata kwa kidole. Walikuwa wamerudi kutoka kliniki, adhuhuri, na alipokuwa akimzungukia Mkasi amfungulie mlango, alisikia harufu anayoijua: harufu ya nguo iliyoachwa chini ya pasi. Hakukuwa na pasi wala nguo. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma. Kwa mazoea ya miaka, alilowesha kidole kwa ulimi, akakigusa kile chuma cha katikati kwa upesi, vile anavyopima pasi kabla ya kuilaza juu ya hariri. Kidole kililia *chss*. Akaenda la upande wa pili: *chss*. Akaenda ya mbele: baridi kiasi, vuguvugu la kawaida.

Alisimama hapo na kidole kimeinuliwa. Asubuhi iliyofuata alilipeleka gari kwenye uwanja tambarare, akalipa mwendo mdogo, akaweka gia huru ili aone litateleza mpaka wapi. Halikuteleza. Lilisimama mara moja, kwa kilio, kama mtu aliyeshikwa mkia wa kanzu.

Fundi wa gereji aliliinua, akaingia chini yake.

"Mama," alisema alipotoka, "breki za nyuma zimebana muda wote. Umekuwa ukiendesha gari lililofungwa. Waya wa breki ya mkono umefupishwa kwa makusudi, nati zimekazwa mbili mbili, kisha zikapakwa rangi zisifunguke. Aliyefanya haya hakukaza breki. Alipigilia mlango misumari."

"Kwa kukosea?"

"Hapana. Ana mikono mizuri huyu. Kaifanya kazi mbaya kwa ustadi." Alipangusa viganja. "Nikilegeza leo, gari litakuwa jepesi kama unyoya. Ila waya umevutika, hautashika vizuri mpaka tupate mpya, na mpya utachelewa. Kwa hiyo ukilisimamisha, liache ndani ya gia. Usiamini breki ya mkono peke yake. Nilegeze?"

Mama Pazia alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. Lakini alikumbuka kabari zilizopigwa msasa, na vidole vilivyochelewa kuachia ufunguo.

"Ngoja kwanza," alisema.

Nyumba ya Mpima ilikuwa juu ya ua wa changarawe ulioteremka moja kwa moja hadi getini. Mama Pazia aliliacha gari nje, barabarani, palipo tambarare, na kabla hajagonga mzee alikuwa amekwisha kutoka.

"Nimelisikia likija," alisema. "Karibu, mama. Linakusumbua?"

"Shikamoo, mzee. Halinisumbui, linakunywa. Na fundi ameona kilichokazwa. Nimemzuia asikiguse kabla sijakuuliza. Mimi kazi yangu ni nguo. Sifumui mshono wa mtu kabla sijajua uliziba nini."

Mpima aliitikia salamu, kisha akageuza uso kuelekea getini. Mama Pazia akafuata macho yake. Nondo ya chini ya geti ilikuwa imepinda kuelekea nje.

"Marehemu mke wangu alikuwa akilifunga," alisema mzee. "Tulitoka dukani. Nimeingia, nimesimama hapo katikati ya ua, yeye akashuka kurudisha geti. Nikavuta breki ya mkono. Machungwa yalikuwa yamemwagika miguuni pangu, nikainama kuyaokota. Nilipoinua kichwa niliona nyumba yangu inakwenda mbali."

Mama Pazia aliitazama tena ile nondo.

"Waliokuja walisema breki walikuta iko chini. Mimi mkono wangu unakumbuka kuvuta. Mpaka leo, nikikaa, unakumbuka. Nimepima mashamba ya watu, mama, watu waliokuwa tayari kukatana kwa mapanga. Nikisema mpaka uko hapa, wanakubali uko hapa. Lakini hilo moja sijaweza kulipima. Nilivuta, au sikuvuta."

"Ndipo ukazikaza."

"Nikazikaza mwenyewe. Likaanza kulia. Watu wakaniambia, mzee, lipeleke gereji. Hawakujua kuwa nikilisikia likilia ndipo napumua. Likilia, najua limeshika."

"Na kwa nini ukaliuza?"

"Macho yamepungua. Na binti yangu alichoka kuniona nimeketi ndani yake hapa uani, sijaliwasha, siendi popote." Alimgeukia kwa ghafla. "Usizilegeze, mama. Nakuomba."

"Mzee wangu, mume wangu mkono unajifunga. Kila safari ninayoikosa, unajifunga zaidi. Gari likinywa hivi, hatutafika mwisho wa dawa yake."

"Basi nirudishie gari."

"Nikikurudishia, nimbebe mgongoni?"

Mzee alisimama na mikono imeshikana nyuma. Hatimaye aliuliza kwa sauti ndogo, "Zile kabari bado zimo butini?"

Mama Pazia angeweza kudanganya. Uongo ungekuwa mfupi na wa huruma. "Zinazuia mlango wa karakana yangu," alisema.

Mpima alifumba macho. "Zirudishe."

"Leo hii hii, mzee. Nakuahidi."

Alizirudisha, ndani ya taulo lile lile. Kisha akampelekea fundi gari, naye akakwangua rangi, akafungua nati moja baada ya nyingine, akalegeza.

Gari likawa jepesi kweli. Lilipanda kilima bila kuhema, likateleza upande wa pili kama kitambaa kinachoteremka mezani, na mshale wa mafuta ukaganda mahali pake mpaka Mama Pazia akaugonga kwa kucha akidhani umekufa. Hawakukosa tena siku ya kliniki. Shemeji alilitolea gari heshima kwa kuinama mbele ya kifuniko cha tangi la mafuta: "Afadhali umeacha ulevi, ndugu yangu."

Kilio kilikoma. Na hapo ndipo Mama Pazia alipogundua kuwa alikuwa amekizoea. Ukimya wa gari ulimzidi. Aliposhuka kilima alisikia pumzi zake, pumzi za mumewe, na matairi yakinong'ona na lami. Akajikuta amekaza mabega, akisubiri. Sauti haikuja. Lakini mahali pale pale, mwendo ulipopungua, Mkasi aligeuza kichwa akatazama nje ya kioo cha nyuma.

"Huyo," alisema.

Wakati wote Mama Pazia alijiambia kuwa mumewe aliitikia sauti. Sasa sauti haipo, na yeye bado anaitikia.

Aliongeza uangalifu. Kule kliniki aliegesha siku zote nyuma ya jengo, palipo sawa, gari ndani ya gia, kabari nyuma ya magurudumu. Wagonjwa wengine walimwona akiinama na taulo lake wakatabasamu. Waya mpya ulikuwa bado haujafika.

Asubuhi moja nyuma ya jengo palikuwa na lori limejaa vitanda vya wagonjwa, limeziba kila kitu. Mama Pazia alisubiri, akaona wakati unapita, akalipeleka gari mbele, kwenye njia ya kupandia mlangoni, pua ikitazama juu. Palikuwa mteremko. Alilijua hilo; alilijua mno. Na kwa sababu alilijua mno, alikosea kosa ambalo mtu mzembe asingekosea. Siku zote alizima injini, akatia gia, ndipo akashuka na kabari. Siku hiyo hofu ilimnong'oneza: kabari kwanza. Kabari zitangulie, mengine baadaye. Akaacha injini inawaka, gia huru, akavuta breki ya mkono, akashuka, akachukua taulo butini, akainama nyuma ya gurudumu.

Alikuwa hajalifunua taulo alipoona changarawe zinasagika. Gurudumu lilikuwa linageuka kumjia, polepole, kwa upole, bila kilio chochote. Lilikuwa kimya kabisa. Aliliona bamba la namba likikaribia uso wake. Aliona herufi zake. Na miguu yake, iliyomtii maisha yote, haikutii.

Kisha kukasikika mkwaruzo mkali wa meno ya chuma, *krrr*, na gari likasimama. Kioo cha nyuma kilikuwa mbele ya macho yake, na ndani yake uso wa Mkasi ulikuwa umegeuka, ukimtazama yeye, pale pale alipozoea kutazama.

Alisukuma kabari chini ya magurudumu. Alifungua mlango, akazima injini, akatia gia. Breki ya mkono ilikuwa imesimama wima kuliko alivyowahi kuiona. Juu yake ulikuwa mkono wa kulia wa mumewe, ule wa kiharusi, umeifumbata mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Baba," alisema. "Achia sasa. Nimeshafika."

Mkono haukuachia. Mama Pazia alipiga magoti kwenye changarawe, akavifungua vidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo, kama alivyofundishwa na Dada wa Mazoezi, na kama alivyofanya siku ile sakafuni mwa karakana. Alipofika cha mwisho, kidole gumba, hakuwa na haja ya kukivuta. Kilijinyoosha chenyewe, taratibu, kikalala juu ya goti.

"Hiki kimeachia chenyewe," alisema Dada wa Mazoezi baadaye, akikitazama kidole gumba. "Mama, umeona? Tumefika mahali. Mbona unalia?"

Waya mpya ulifika, ukafungwa, ukashika kama inavyopasa waya kushika: ukivutwa unabana, ukiachiwa unaachia. Siku hiyo hiyo Mama Pazia aliendesha na mumewe hadi kwa Mpima, akaliacha gari nje ya geti. Aligonga, akasubiri. Mzee alipotoka na kulirudishia geti komeo, alionekana kama mtu aliyeamshwa.

"Sikulisikia," alisema.

"Halilii tena, mzee."

Mpima alilizunguka gari. Aliinama kwa taabu, akaweka kiganja juu ya gurudumu la nyuma, akakiacha hapo. Lilikuwa baridi.

"Limeshika?"

"Limeshika. Na kabari zipo." Mama Pazia alitafuta maneno yake kwa uangalifu, maana hakuja kutoa habari, alikuja kulipa kitu. "Mzee, juzi lilinirudia. Mimi nilikuwa nyuma, nimeinama. Mume wangu akavuta. Tangu hapo najiuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa nimevuta, au nilidhani tu."

"Na mkono wako unasemaje?"

"Unakumbuka kuvuta."

Mzee aliinuka. "Lakini hujui."

"Sijui."

"Hujui," alirudia Mpima, na ilikuwa kama sauti ya mtu aliyeishi ugenini akasikia ghafla lugha ya kwao.

Ndani ya gari Mkasi aligeuza kichwa. Safari hii hakutazama nyuma. Alitazama kupitia dirisha la pembeni, juu ya bega la mzee, kwenye geti lililofungwa lenye nondo iliyopinda.

"Huyo," alisema.

Mpima aliganda. "Anamwona nani?"

"Huwa hasemi, mzee wangu."

Mpima alitembea hadi getini, mkono mmoja ukipapasa ukuta, akaondoa komeo, akalivuta geti likawa wazi lote. Kisha akasogea kando, mgongo ukigusa nguzo, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake apite kwanza.